Tairi zilizogoma kutoka kwenye ringi: shajara ya magurudumu mawili

Jumapili usiku

Mradi huu sikuupanga. Umeanza leo saa nne asubuhi, kwenye njia ya ng'ombe mbele ya Oldonyo Sambu, mkoani Arusha, jiwe lilipochana ubavu wa tairi ya nyuma. Mchano wenyewe ni mdogo, urefu wa punje mbili za mahindi. Dawa ya ndani, yale maji ya kuziba matundu kwenye tairi isiyo na tyubu, ilitoka na povu lake jeupe, ikazunguka kwenye midomo ya mchano, ikashindwa kushika. Tundu la mwiba wa mgunga dawa inaliziba kabla hujashuka kwenye baiskeli. Mchano wa ubavuni unafunguka na kufumba kila gurudumu linapogusa ardhi, na dawa haipati muda wa kuganda.

Kazi ya kufanya hapo kila mwendesha baiskeli wa porini anaijua. Unafungua tairi upande mmoja, unalaza kipande cha plastiki ngumu kwa ndani kufunika mchano, unaingiza tyubu, unajaza upepo, unaondoka. Tyubu nilikuwa nayo. Pampu nilikuwa nayo. Liva mbili za plastiki za kutolea tairi nilikuwa nazo. Tairi ikakataa kutoka.

Nilihangaika saa moja na nusu juani. Nilibonyeza kwa vidole gumba mpaka ngozi ikachunika. Nikalaza gurudumu chini, nikalikanyaga. Liva ya kwanza ikakatika shingoni, ya pili ikapinda ikabaki imelegea. Vijana wawili waliokuwa wanachunga mbuzi wakaja kunishikia, mmoja akajaribu kusukuma ubavu wa tairi kwa kisigino cha makatambuga yake. Aliposhindwa aliinama akaitazama kwa makini, akaniuliza, "Kaka, hii wameichomelea?"

Sikuwa na jibu. Niliwashukuru, nikaanza kusukuma baiskeli. Kilomita saba mpaka kwenye lami, maji nusu chupa. Noa ya kwanza ya abiria ilikuwa imejaa, ya pili ilinichukua, baiskeli ikafungwa juu kwa mipira.

Nimeoga, nimekula, bado nalifikiria jambo hili kwa uzito wake. Ningekuwa mbali zaidi, kule chini kuelekea Longido ambako unaweza kwenda saa nzima bila kuona boma, ningelala porini kwa sababu ya tairi ambayo tyubu yake iko mgongoni mwangu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Baiskeli hii hairudi porini mpaka niweze kutoa na kurudisha tairi zote mbili mwenyewe, kwa mikono na liva mbili, bila jiriwa, bila nyundo, bila mtu wa kunishikia.

Jumatatu

Leo nimeangalia tu, sijalazimisha kitu.

Baiskeli ni ya mtumba, niliinunua mwaka jana, ringi za alumini, tairi tyubulesi, yaani zisizotumia tyubu. Ubavuni tairi zimeandikwa 57-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi inapokaa, milimita 622. Ndiyo hizi tunazoziita za inchi 29. Za inchi 27.5 ni 584, na zile za 26 zilizojaa mtaani ni 559. Nimeziandika hapa kwa sababu dukani watu wanaulizana inchi peke yake, na inchi zinadanganya: tairi za inchi 28 zinazoandikwa 700C nazo ni 622. Namba ya milimita ndiyo ya kuamini. Zangu zinalingana na ringi, kwa hiyo hakuna aliyefunga saizi isiyohusika. Hilo nimelifuta kwenye orodha ya visababishi.

Nimetoa kisindano cha ndani ya valvu kwa koleo, upepo wote umetoka. Hii ni hatua ambayo jana nilifikiri nimeifanya, kumbe nilikuwa nimebonyeza tu valvu ikapumua. Upepo kidogo uliobaki ndani unatosha kuisukuma tairi ikae pale pale. Kisindano kitoke kabisa, na chote kiwekwe kwenye kikombe, maana kikidondoka kwenye mchanga hukioni tena.

Kwa wasiojua ringi ya tyubulesi ilivyo kwa ndani, nitaieleza kama nyumba, maana ndivyo mimi nilivyoielewa. Pembeni kuna kuta mbili, kulia na kushoto. Chini ya kila ukuta kuna baraza, sehemu bapa ambayo ukingo wa tairi unakaa. Katikati, kati ya baraza mbili, kuna mfereji, na mfereji huo uko chini kuliko baraza. Na mwisho wa kila baraza, kabla hujashukia mfereji, kuna tuta dogo kama lile la barabarani. Tuta hilo limewekwa makusudi. Unapokata kona kali na upepo ukiwa mdogo, linazuia ukingo wa tairi usiteleze ukatumbukia mferejini na upepo wote ukatoka. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa, pamoja na Michelin na Hutchinson, walileta mfumo huu kwenye baiskeli za milimani mwaka 1999, na tangu hapo ringi nyingi za tyubulesi zina ndugu wa tuta lile.

Tuta linalokulinda kwenye kona ndilo hilo hilo linalokufungia mlango unapotaka kutoa tairi. Kila mtu anayehangaika na liva, kama mimi jana, anahangaika ukutani. Adui yuko kwenye tuta. Ukingo haujashuka mferejini, na usiposhuka huna hata milimita moja ya kuchezea, kwa sababu ndani ya ukingo kuna uzi wa aramidi, nyuzi bandia imara sana, usiovutika. Mpira unavutika. Uzi ule hauvutiki.

Jumanne

Nimepita kwa fundi mmoja karibu na Soko la Kilombero, mzee ambaye amefungua tairi nyingi kuliko nitakazowahi kuziona. Nilimwamkia, akaniitikia, akalipokea gurudumu, akalizungusha, akabonyeza mara moja kwa kidole. "Hii imekamata," akasema. Akachukua bisibisi mbili.

Hapa nilikuwa na wakati mgumu, kwa sababu mkono wake ninauheshimu. Kwenye ringi za chuma za baiskeli kubwa za mizigo, bisibisi mbili zinafanya kazi miaka yote. Ringi yangu ni ya alumini laini, na ukuta wake ukipata jeraha upepo utapita hapo. Bisibisi ya kwanza ilipoingia nilisikia mlio wa kukwaruza, nikamwomba asimame. Hakukasirika. Alinionyesha mkwaruzo, urefu wa kucha, akaupapasa kwa kidole akasema, "Usiondoke hivi, upige msasa, usije ukakata tyubu." Ushauri mzuri, na nimeufuata: msasa laini namba 400, mpaka kidole hakisikii kitu.

Kabla sijaondoka aliongeza kitu ambacho kimenikaa kichwani. Alisema tairi za zamani zilikuwa zinateremka zenyewe ukitoa upepo, lakini hizi mpya ni lazima kwanza uzishushe, halafu ndiyo uzitoe. Kushusha kwanza, kutoa baadaye. Kazi mbili tofauti.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Nimepulizia maji ya sabuni ya vyombo kuzunguka pande zote mbili, nikaliacha gurudumu barazani. Watu wawili wameshanishauri nipake mafuta ya taa au oili chafu ili iteleze. Sipaki. Mafuta haya ya jamii ya petroli yanakula mpira, unavimba na kulainika, na dawa ya ndani haitashika tena vizuri hapo. Sabuni na maji inatosha kuteleza, na ukimaliza unasuuza.

Kuhusu kuanika tairi juani: nimeshafanya huko nyuma, inasaidia ubavu kulainika. Haifanyi chochote kwa uzi wa aramidi.

Alhamisi

Imeshuka.

Nitaandika taratibu kwa sababu ndiyo siku niliyoisubiri.

Jirani yangu ni seremala. Jioni alinikuta uani nimelaza gurudumu juu ya tairi kuukuu la gari (ili diski ya breki na gia za nyuma zisiguse sakafu), nimevaa raba, nakanyaga ubavu wa tairi sentimita chache kutoka kwenye ringi, nikijitahidi kisigino kisiguse ringi wala spoki. Uzito wangu wote, kilo 78, na ukingo hautikisiki. Aliangalia kidogo, akauliza, "Unataka iende wapi?" Nikamwambia nataka ukingo huu uende katikati. Akasema, "Sasa mbona unaipeleka chini? Ukiibana huku na huku itakwenda yenyewe katikati."

Akaenda kuleta klampu yake, ile anayobania mbao zikiwa na gundi, na vipande viwili vya mbao ya paini vya urefu wa kiganja.

Gurudumu tulilisimamisha. Kipande kimoja cha mbao kikakaa kwenye ubavu wa kulia wa tairi, kingine ubavu wa kushoto, vyote viwili vikiwa karibu kabisa na ringi lakini haviigusi. Klampu ikashika mbao zote mbili kutoka nje. Alipoanza kukaza, tairi ilijikunja kati ya mbao, ubavu ukaanza kujivuta kutoka ukutani mwa ringi. Nilichungulia kwa tochi ya simu. Kati ya ukuta na mpira kulionekana mstari mweusi mwembamba kama uzi wa kushonea. Akakaza robo mzunguko. Mstari ukawa mpana kama kiberiti. Akakaza tena robo, polepole, huku mimi nikipulizia maji ya sabuni ndani ya ule ufa.

Ukatoa mlio. Mlio mzito, mfupi, kama goti linalolia mtu anaponyanyuka. Ukingo wa upande wa kushoto ukaruka tuta na kuanguka mferejini, urefu wa viganja viwili hivi.

Tulichekelea wote wawili. Kuanzia pale ilikuwa kazi ya dakika tatu. Sehemu moja ikishashuka, ya jirani yake haina nguvu ya kujishikilia, unaifuata kwa vidole gumba ukizunguka, nayo inaachia tap, tap, tap mpaka unarudi ulipoanzia. Upande wa kulia ulihitaji klampu mara moja tu, mahali pamoja.

Mambo mawili ya kuzingatia kwa atakayejaribu. Mbao zibane mpira, zisibane ringi hata kidogo, kwa sababu klampu ina nguvu ya kupinda ukuta wa alumini, na ringi ya kaboni inaweza kupasuka. Na usianzie kwenye valvu. Pale mferejini kuna kitako cha mpira cha valvu kimejaza nafasi, ukingo hauna pa kuangukia.

Jirani amekataa malipo. Amekubali chai.

Ijumaa

Tairi imeshushwa lakini bado iko ndani ya kuta za ringi. Leo ni kuitoa.

Nimenunua liva tatu mpya, za plastiki nene zenye chuma ndani. Zile za chuma kitupu zina nguvu lakini baada ya mkwaruzo wa Jumanne sizitaki. Nikaanza kama nilivyokuwa nikianza siku zote, upande ulio mbali na valvu. Ngumu. Liva inaingia, inanyanyua, ukingo unafika juu ya ukuta na kubaki hapo umekakamaa kama kamba ya gitaa.

Nikasimama, nikaifikiria tena ringi kama ile nyumba ya Jumatatu. Ukingo ni duara lisilovutika. Ili sehemu moja ipande juu ya ukuta, sehemu ya upande wa pili lazima iwe imelala chini mferejini. Upande wa pili wa mahali nilipokuwa nikinyanyua palikuwa na nini? Valvu. Kitako chake kilikuwa kimeujaza mfereji, kwa hiyo nilikuwa nikivuta kamba ambayo mwisho wake umefungwa.

Nikageuza. Liva zikaja karibu na valvu, na upande wa mbali na valvu ndio ukalala mferejini. Tofauti niliisikia mkononi mara moja.

Tatizo lililobaki ni kwamba ukingo haukai mferejini kwa hiari. Unaushusha huku, ukifika kule ule wa kwanza umeshapanda tena. Hapo ndipo ile mipira iliyofunga baiskeli juu ya Noa iliponijia akilini, ile inayokatwa kwenye tyubu kuukuu, ambayo kila bodaboda na kila mwenye mkaa anafungia mzigo. Nilikata vipande vinne. Upande wa mbali na valvu nikaibana tairi kwa mkono mpaka bavu mbili zikakaribiana, nikazungushia mpira kwenye tairi na ringi pamoja, nikavuta kwa nguvu, nikafunga. Nikasogea kiganja kimoja, nikafunga wa pili. Wa tatu. Wa nne. Nusu nzima ya ukingo ikawa imefungwa mferejini na haina ruhusa ya kupanda.

Liva ya kwanza ikaingia kando ya valvu, ikanyanyua. Ya pili sentimita nane pembeni. Ile ya tatu nikaichomeka karibu zaidi, sentimita nne au tano tu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba ukiwa na tamaa ya kunyanyua kipande kirefu ndipo liva zinapokatika. Ikapanda. Ya kwanza nikaichomoa, nikaihamishia mbele. Mara ya nne ukingo ukaachia wenyewe, nikautembeza kwa mkono mpaka mwisho.

Upande mmoja nje. Upande wa pili ulitoka kwa mikono mitupu. Saa 2:40 usiku tairi ya nyuma ilikuwa mezani, na mimi nimekaa naitazama tu.

Jumamosi

Leo nilitaka kujua kwa nini. Tairi kubana ni kawaida, ila hii ilibana kupita kawaida.

Ndani ya ringi kulikuwa na historia. Juu kabisa, tepu ya tyubulesi, mizunguko miwili. Chini yake, tepu nyeusi ya mafundi umeme. Chini ya hiyo, katikati ya mfereji, mkanda mnene wa kitambaa wa enzi za tyubu, ule unaozuia vichwa vya spoki visichome. Yeyote aliyeibadilisha baiskeli hii kuwa tyubulesi hakubandua cha zamani, alibandika juu yake. Ninaelewa kwa nini: upepo unashika vizuri mfereji ukijaa, na tairi inajaa kirahisi hata kwa pampu ya mkono. Bei yake ndiyo niliyoilipa Jumapili.

Nimeazima kalipa, kifaa cha kupimia milimita, nimepima kabla ya kubandua na baada ya kubandua. Kwanza kina cha mfereji kutoka usawa wa baraza kilikuwa milimita 1.9. Baada ya kusafisha, milimita 3.5. Milimita 1.6 zilikuwa zimefukiwa. Ukifanya hesabu ya duara, nusu ya ukingo ikilala kwenye mfereji ulioongezeka kina cha milimita 1.6 unapata 1.6 mara 3.14, yaani milimita 5 za ulegevu. Kwenye baraza nako tepu zilikuwa na unene wa milimita 0.4, na hizo ziliifanya ringi ikawa nene zaidi kwa tairi: 0.4 mara 2 mara 3.14, milimita 2.5 za mzunguko. Jumla saba na nusu. Mzunguko mzima wa ringi ya 622 ni karibu milimita 1,954, mtu anaweza kusema saba ni nini. Kwa uzi usiovutika, saba ndiyo kila kitu. Ndiyo tofauti ya kulala nyumbani na kulala porini.

Nimekaa na hesabu hizi muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Zimenipa raha. Wiki nzima nilikuwa nikidhani mikono yangu haina nguvu.

Jumapili

Gurudumu la mbele. Nilitegemea dakika kumi, limenichukua saa mbili, kwa sababu ugonjwa wake ni mwingine.

Klampu, mbao, sabuni, kukaza polepole. Ufa ukaonekana, lakini ukingo haukuruka. Badala yake nikaona ndani ya ufa nyuzi nyeupe zinavutika kama jibini ya moto. Dawa. Dawa hizi nyingi ni maji ya mpira, na kwa joto la huku zinakauka ndani ya miezi michache. Ya mbele ilikuwa haijaongezwa tangu niinunue, imekauka ikawa gundi kati ya ukingo na baraza.

Kulazimisha hapa kungechana ngozi ya ukingo. Nilipasha maji, yasiyochemka, ya moto wa kuogea, nikayamimina kidogo kidogo ndani ya ufa, nikasubiri, nikakata zile nyuzi kwa ncha ya mswaki wa zamani niliouchonga. Tena maji, tena mswaki, sentimita kumi kwa wakati. Kazi ya subira tupu. Lakini liliposhuka lilishuka lote, na kwa mipira minne na liva likatoka bila ubishi. Mkanda wa ndani wa ringi ya mbele ulikuwa tepu peke yake, mizunguko miwili, hakuna kitambaa.

Ndani ya tairi kulikuwa na ngozi ya dawa iliyokauka na donge moja kubwa kama gololi. Nimeibandua kwa vidole, inatoka kama ganda la kovu. Miba niliyoikuta imechomoza kwa ndani: 11. Yote dawa ilikuwa imeiziba kimya kimya, na mimi sikuwahi kujua. Mbigili tisa, migunga miwili. Kila mmoja nimeuvuta kwa koleo.

Jumanne, wiki ya pili

Tepu mpya. Upana wa ndani wa ringi ni milimita 25, nimechukua tepu ya 28 ili ipande baraza zote mbili mpaka miguuni pa kuta. Ringi nimeisafisha kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mzunguko mmoja tu, nikivuta kwa nguvu ili tepu ilale chini kabisa mferejini, isijenge daraja. Mwisho wake unapishana na mwanzo na kupita tundu la valvu kwa kiganja kimoja. Tundu nimelitoboa kwa msumari uliopashwa moto, kwa sababu ukikata kwa wembe tepu inaanza kuchanika pale pale.

Mchano wa ubavu nimeshona kwa uzi wa nailoni, mishono mitano isiyobana sana, kisha kiraka cha tairi kwa ndani na gundi yake, kikalala usiku kucha chini ya jiwe.

Alhamisi

Kurudisha tairi: kuanzia upande wa mbali na valvu, kumalizia kwenye valvu, sababu ni ile ile ya Ijumaa. Sentimita kumi za mwisho zimeingia kwa viganja. Viganja! Liva sikuzigusa.

Mfereji ukiwa wazi tairi hailali vizuri kwa pampu ya mkono, hilo nililitarajia. Nimekwenda kituo cha mafuta na kile kidude cha kugeuza valvu nyembamba iwe ya gari, kijana wa pale akafungua kompresa. Mlio wa kwanza, mlio wa pili, na ule mstari mwembamba wa ubavuni ukaonekana sawasawa kuzunguka ringi yote. Sikuzidisha kipimo kilichoandikwa kwenye tairi. Kisha nikatoa upepo na kisindano, nikaingiza dawa mililita 100 kupitia valvu, kisindano kikarudi, nikajaza tena, nikalaza gurudumu nusu saa upande huu na nusu saa upande ule.

Jumamosi

Jaribio. Msitu wa Olmotonyi, kwa makusudi asubuhi ya ukungu, peke yangu. Baada ya saa moja ya kupanda nilisimama chini ya mipaini, nikageuza baiskeli, nikatoa upepo wote wa nyuma, nikawasha saa ya simu.

Kisindano nje. Vidole gumba ubavuni, nikiwa nimepiga magoti na ringi imeegemea paja. Haikushuka mara ya kwanza. Moyo ulinienda mbio kidogo. Nikasogea robo ya gurudumu mbali na valvu, nikapulizia sabuni kutoka kwenye kichupa, nikabonyeza kwa viganja vyote viwili vilivyopishana, uzito wa mabega juu yake. Ikaachia. Mipira miwili tu ilitosha, liva mbili, na ukingo ukapita ukuta.

Dakika sita na sekunde 20.

Tyubu ikaingia, valvu ya tyubulesi mfukoni, tairi ikarudi, pampu ya mkono, nikaendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani. Kuja kuisafisha na kuirudisha kwenye dawa ni kazi ya kesho.

Kwenye mkoba sasa: liva mbili na ya tatu ya akiba, mipira minne, kichupa cha maji ya sabuni, koleo dogo, tyubu, kipande cha plastiki ngumu. Kisindano kimoja cha ziada nimekifunga ndani ya kofia ya valvu. Jirani amenikatia jozi nyingine ya mbao, zimening'inia ukutani pamoja na namba ya simu yake, kwa ajili ya rafiki yangu wa Sakina ambaye tairi zake ni za aina hii hii na ameshasema analeta gurudumu Jumatatu.

Mishono ya ubavu haijavuja. Naipa wiki mbili za kwenda nayo kazini, kisha ndiyo niipeleke tena Oldonyo Sambu.